Mwenye Duka wa Stafford Street na Majeneza 499

Baba yangu alikuwa na duka kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita, na kitu kilichotunzwa kuliko vyote katika duka lile, kuliko hata mizani na kisanduku cha fedha, kilikuwa kaunta buku moja yenye jalada gumu. Kurasa za mbele ziliandikwa madeni: unga, sabuni, betri za tochi, kamba, sigara, vyote vikiwa vimechukuliwa kwa ahadi kwamba mchanga ukitoa, mtu atalipa. Kurasa za nyuma, ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa, ziliandikwa jina kamili la kila mchimbaji aliyekopa, kijiji alikotoka, na jina la mzazi au ndugu wa kupelekewa habari. Baba alianza kuandika kurasa hizo baada ya kijana mmoja kufukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Tulibaki na maiti ambayo hakuna mtu aliyejua kwao ni wapi, kwa sababu wote tulimfahamu kwa jina la utani tu.

Nimeikumbuka kaunta buku ile mwaka huu nilipokuwa nikisoma habari za Choie Sew Hoy, mfanyabiashara wa Kichina aliyeishi Dunedin, kusini mwa Nyuzilandi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 hadi alipofariki mwaka 1901. Mbio za dhahabu za karne ya 19 husimuliwa kama habari za wachimbaji: mwanamume, sururu, mto wa baridi, bahati. Mimi niliyelelewa nyuma ya kaunta naona pengo katika masimulizi hayo, kwa kuwa mchimbaji hali dhahabu. Tangu siku anayoanza kuchimba hadi siku anayopata kitu, yuko mtu anayemlisha kwa mkopo, na mtu huyo ndiye anayejua nani anaumwa, nani ametuma fedha nyumbani na nani hajaandika barua kwa miaka mitatu. Kwa Wachina wa Otago, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Dunedin, mtu huyo alikuwa mwenye duka, na mkubwa kati ya wenye maduka hao alikuwa Sew Hoy.

Alizaliwa kati ya mwaka 1836 na 1838 katika kijiji cha Sha Kong, wilaya ya Panyu, jimbo la Guangdong. Alikulia wakati ambapo kusini mwa Uchina kulikuwa kumevurugwa na vita, uasi na uhaba wa ardhi, na vijana wa vijijini walikuwa wakisikia kwamba ng'ambo ya bahari kuna nchi waliyoiita Mlima wa Dhahabu. Kwanza jina hilo lilikuwa la California, ambako dhahabu ilivuta watu kuanzia mwaka 1849. Ilipogunduliwa Victoria, Australia, mwaka 1851, ukapatikana Mlima Mpya wa Dhahabu. Sew Hoy alipita kwanza California, kisha Victoria, ndipo akavuka kwenda Dunedin. Ni vyema msomaji ajue pia kwamba jina la ukoo wake lilikuwa Choie, kwa kuwa Wachina hutanguliza jina la ukoo. Wenyeji wa Dunedin hawakulijua hilo, wakayachukua maneno mawili ya mwisho kuwa ndilo jina la familia, na hadi leo kizazi chake nchini humo kinaitwa Sew Hoy.

Dhahabu ya Otago ilitangazwa mwaka 1861, baada ya Gabriel Read kuiona kwenye bonde lililopewa jina lake, Gabriel's Gully. Katika muda mfupi Dunedin ikawa mji mkubwa kuliko yote katika koloni lile. Lakini dhahabu ya juu juu haidumu, na kufikia mwaka 1865 wachimbaji wa Kizungu walikuwa wakiihama Otago kwa maelfu kwenda pwani ya magharibi, ambako kulikuwa kumepatikana dhahabu mpya. Maduka yakakosa wateja. Ndipo Chama cha Wafanyabiashara cha Dunedin kilipoamua kuwaalika Wachina waliokuwa Victoria, kwa sababu walijulikana kuwa watu wa kazi, wenye subira ya kuosha upya mchanga ambao wengine wameshauacha. Kundi la kwanza la watu 12 lilifika mapema mwaka 1866, na kufikia mwisho wa mwaka 1869 walikuwa wamezidi 2,000. Nasisitiza neno kualika, maana miaka kumi na mitano baadaye sheria zilitungwa kana kwamba watu hawa walikuwa wameruka ukuta.

Sensa ya mwaka 1881 ilihesabu wanaume 4,995 wa Kichina katika Nyuzilandi nzima, na wanawake 9. Mtu akiitazama hesabu hiyo kwa utulivu ataona nyumba karibu elfu tano upande wa pili wa bahari, kila moja ikiwa na mama, mke au mtoto anayesubiri. Karibu wote walitoka wilaya chache za Guangdong, na wengi wao walikuwa wa Panyu kama Sew Hoy mwenyewe. Walikuwa wamekopa nauli, na nia yao ilikuwa kulipa deni, kuweka akiba kidogo, kisha kurudi kununua shamba.

Duka la Sew Hoy lilikuwa mtaa wa Stafford Street, mjini Dunedin. Kutoka hapo bidhaa za Kichina zilisafirishwa hadi kwenye maduka madogo yaliyokuwa karibu na mito ya dhahabu: mchele, chai, tangawizi iliyohifadhiwa, samaki wakavu, dawa za mitishamba, fataki za mwaka mpya. Maduka ya aina hii yaliuza pia kasumba, yaani afyuni, ambayo ilikuwa bidhaa halali nchini humo hadi sheria ya mwaka 1901 ilipoipiga marufuku. Mzunguko mzima ulikwenda kwa kile ambacho sisi tunakiita mali kauli. Mwenye jumla wa Dunedin alimwamini mwenye duka dogo wa Lawrence au Arrowtown, miji ya machimbo, naye mwenye duka dogo akamwamini mchimbaji, na dhahabu ikarudi kwa njia ileile, ikipita kwenye mizani ya kila mmoja.

Moja ya maduka hayo bado limesimama Arrowtown, duka la Ah Lum, jengo dogo la mawe karibu na mto Arrow. Ukilitazama unaelewa kwamba haliwezi kuwa lilikuwa duka tu. Mchimbaji alikaa peke yake kwenye kibanda cha mawe na udongo, kikiwa kimejibana chini ya jabali ili kipate ukuta mmoja wa bure, na majira ya baridi theluji ilifunga njia. Alipofika dukani alipata moto, watu wanaosema lugha yake, na mtu anayejua kusoma na kuandika wa kumwandikia barua ya nyumbani. Fedha za kutuma kwa mke zilikabidhiwa hapo, zikapita kwa wafanyabiashara wakubwa hadi Hong Kong, na kutoka Hong Kong hadi kijijini. Ugomvi wa mipaka ya machimbo ulizungumzwa hapo kabla ya kupelekwa kwa hakimu wa Kizungu. Huko Lawrence, ambako Wachina hawakuruhusiwa kukaa ndani ya mipaka ya mji, kambi yao ilijengwa nje kidogo kuanzia mwaka 1867, na maduka ndiyo yaliyoifanya kambi ile iwe mji wa pili.

Sitaki kumpamba mwenye duka kuliko anavyostahili. Mkopo ni kamba, na anayeshika ncha yake ana nguvu juu ya aliyefungwa. Bei za machimboni zilikuwa za juu, kama zilivyokuwa dukani kwa baba, na mchimbaji ambaye mchanga wake haukutoa alijikuta akichimba mwaka wa pili ili alipe unga wa mwaka wa kwanza. Nimewahi kumwona mtu mzima akisimama mbele ya kaunta yetu kwa muda mrefu, akijifanya anatazama bidhaa, kwa aibu ya kusema kwamba hana kitu. Baba alifungua kaunta buku bila kumwuliza, akaandika. Sijui kama ule ulikuwa wema au biashara. Nadhani kwa mwenye duka wa machimboni viwili hivyo hukaa pamoja katika mstari mmoja wa wino.

Kilichomtofautisha Sew Hoy na wenzake ni kwamba hakuridhika kuinunua dhahabu ya wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alishika eneo la Big Beach, kwenye mto Shotover, na mwaka 1888 ikaundwa kampuni iliyokuwa na wanahisa Wachina na Wazungu kwa pamoja. Mtambo waliouagiza ulijengwa na mafundi wa Dunedin na ukaanza kazi mwaka 1889. Ulikuwa jahazi pana lisilo na tanga, lenye injini ya mvuke na mnyororo mrefu wa ndoo za chuma unaozunguka. Kila ndoo ilishuka chini, ikachota kokoto na mchanga, ikapanda na kumwaga mzigo wake kwenye chekecheo na michirizi ambako dhahabu, kwa uzito wake, ilibaki chini, na mabaki yakatupwa nyuma. Mitambo ya kuzoa mchanga ilikuwapo kabla yake, lakini ilikuwa ikifanya kazi ndani ya mkondo wa mto. Mtambo huu uliweza kula hata ukingo na tambarare za pembeni, ukijichimbia bwawa lake wenyewe na kuelea ndani yake. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba watu walikimbilia kununua hisa na kuunda kampuni za kuiga, na mitambo ya mfano huo ikaenea katika mito ya Otago. Katika miaka ya 1890 aliingia kwenye kazi nyingine kubwa, huko Nokomai, ambako maji yaliletwa kwa mifereji mirefu ili kubomoa udongo wenye dhahabu kwa nguvu ya msukumo, na mwanawe Choie Kum Poy akawa msaidizi wake katika kazi hiyo.

Kwa hiyo mtu huyu, aliyekuwa mgeni, aliipa Otago njia mpya ya kupata dhahabu wakati ambapo wengi waliamini imekwisha. Hakuwa peke yake kati ya wafanyabiashara wa Kichina kuona thamani mahali ambapo wenyeji walipita tu. Kule Taranaki, katika kisiwa cha kaskazini cha Nyuzilandi, Chew Chong alinunua uyoga mweusi unaoota kwenye magogo yaliyoanguka, akausafirisha kwenda Uchina ambako huliwa na kutumika kama dawa, na kwa walowezi maskini waliokuwa wakifyeka msitu, malipo yake yalikuwa karibu fedha taslimu pekee waliyoishika. Faida akaitia kwenye kiwanda cha siagi alichokifungua Eltham mwaka 1887.

Heshima Sew Hoy aliipata. Alikuwa mwanachama wa Freemason, chama cha udugu cha watu wenye nafasi, alitoa michango kwa hospitali na kwa maskini wa mji, na alikuwa amepewa uraia tangu miaka ya 1870. Lakini sheria za nchi zilikuwa zikienda njia nyingine. Mwaka 1881 iliwekwa kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina anayeingia, na meli ikaruhusiwa kuleta Mchina mmoja tu kwa kila tani 10 za uzito wake. Mwaka 1896 kodi ilipandishwa hadi pauni 100, na kiwango kikawa mtu mmoja kwa kila tani 200. Hakuna taifa lingine ambalo watu wake walitozwa kodi hiyo. Sheria ya pensheni ya wazee ya mwaka 1898, ambayo Nyuzilandi husifiwa kwayo hadi leo, iliwatenga Wachina hata kama walikuwa wamepewa uraia. Nawafikiria wazee wale, walioalikwa wakiwa vijana wenye misuli, ambao sasa mgongo ulikuwa umepinda, dhahabu imekwisha, na mahali pekee palipobaki pa kuomba msaada palikuwa dukani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mchina wa wakati ule aliamini kwamba maiti iliyozikwa ugenini, mbali na wanawe, haina wa kuihudumia. Kila mwaka, katika msimu wa Qingming, familia husafisha makaburi ya wazee wao, huweka chakula na kuchoma uvumba; roho isiyopata huduma hiyo hutangatanga na njaa. Kurudi nyumbani, basi, kulikuwa haki ya mtu hata baada ya kufa. Mwaka 1882 watu wa Panyu walianzisha chama kilichoitwa Cheong Sing Tong, jina lenye maana ya wema unaostawi, na Sew Hoy alikuwa kiongozi wake. Kazi yake ilikuwa kukusanya michango, kufukua mabaki ya wenzao na kuyarudisha kwao. Mwaka 1883 meli Hoihow iliondoka na mabaki ya watu 230.

Tafakari ukubwa wa kazi hiyo. Makaburi yalitawanyika katika vijiji vya milimani, mengine yakiwa na kibao cha mbao kilichooza. Ilibidi kujua nani amelala wapi, mtoto wa nani, wa kijiji gani, na kumbukumbu hizo zilikuwa mikononi mwa jamaa na wenye maduka waliokuwa wamemkopesha alipokuwa hai. Mifupa ilifukuliwa, ikasafishwa, ikafungwa kwa kitambaa na kuwekwa ndani ya sanduku lenye jina. Nikisoma hayo ninaziona zile kurasa za nyuma za kaunta buku ya baba.

Mwishoni mwa karne maandalizi ya safari ya pili yalianza, makubwa kuliko ya kwanza. Sew Hoy alikuwa ndani ya maandalizi hayo alipofariki Dunedin mwaka 1901. Alizikwa, na kaburi lake likafukuliwa pamoja na ya wengine, naye akawekwa katika hesabu ileile ambayo chama chake kilikuwa kikiikusanya. Jumla ilifika majeneza 499. Meli iliyokodiwa iliitwa Ventnor, meli ya Uingereza iliyokuwa mpya kabisa, ikiwa imebeba pia makaa ya mawe. Wazee kadhaa wa Kichina walipanda wakiwa waangalizi wa majeneza, na malipo yao yalikuwa safari yenyewe, kwamba watafika kwao wakiwa hai.

Ventnor iliondoka Wellington tarehe 26 Oktoba 1902. Usiku uleule wa kuamkia tarehe 27 iligonga mwamba karibu na ncha ya Taranaki. Nahodha aliamua kuendelea kaskazini, akikusudia kufika Auckland kwa matengenezo, huku maji yakiingia upande wa mbele. Usiku wa tarehe 28 ilizama nje ya mlango wa bandari ya Hokianga. Watu 13 walikufa, akiwamo nahodha na baadhi ya wazee wale. Chama kilikodi meli ndogo kwenda kutafuta majeneza, ikarudi mikono mitupu. Sitaki kupita hapa haraka. Kuna familia 499 zilizokuwa zimepata habari kwamba wazee wao wako njiani, pengine baadhi zilikuwa zimeshaandaa makaburi, kisha ikaja habari ya pili. Ndani ya bahari ile alikuwamo pia mwenye duka, pamoja na wadaiwa wake wa zamani.

Kwa miongo mingi habari hii ilibaki kwa wachache. Serikali ya Nyuzilandi iliiondoa kodi ya Wachina rasmi mwaka 1944, na tarehe 12 Februari 2002 Waziri Mkuu Helen Clark aliomba radhi kwa ajili ya kodi hiyo na sheria zilizokwenda nayo. Miaka michache baadaye vizazi vya Wachina hao vikajua jambo ambalo watu wa Hokianga hawakuwa wamelisahau kamwe. Baada ya meli kuzama, mifupa ilitupwa ufukweni na mawimbi. Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, wa makabila ya Te Roroa na Te Rarawa waliikuta. Hawakujua ni ya nani, lakini walitambua kwamba ni ya binadamu aliye mbali na kwao, wakaiokota na kuizika katika ardhi yao, na wazee wakawasimulia watoto, na watoto wakawasimulia wao. Walipokwenda Hokianga, wajukuu wa wachimbaji walipokelewa na watu waliokuwa wametunza wafu wao kwa zaidi ya miaka 100. Meli yenyewe ilipatikana kwenye kina cha takribani mita 150, na mwaka 2021 ukumbusho wake ulifunguliwa Opononi, kwenye bandari ileile.

Nilimpigia baba simu nikamsimulia habari hii yote, kuanzia duka hadi ufukweni. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama ninamkumbuka yule kijana wa kifusi, nami nikamwambia ndiyo, lakini sikuwahi kujua alizikwa wapi. Akaniambia kwamba siku ile, wenzake walipokuwa bado wanabishana kuhusu mahali pa kumzika, alikuja mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye mashamba yaliyopakana na machimbo, ambaye hakuwa hata na jina dukani kwetu kwa sababu hakuwahi kukopa. Alisema kijana amefia kwake. Akawaonyesha mahali pembeni mwa boma lake, karibu na kaburi la mama yake, na akaagiza wanawe walete majembe.